Waya uliomeza kitambulisho cha skrini: kumbukumbu ya mradi wangu, wiki ya tatu

Leo asubuhi, kabla hata chai haijachemka, skrini yangu ya inchi 20 imewaka kwa pikseli 1600 kwa 900 tangu kwenye ukurasa wa kuingilia, bila mimi kuandika amri yoyote, nami nimeizima na kuiwasha kompyuta mara nne mfululizo ili nijiridhishe kwamba sijajidanganya. Kwa siku 19 skrini hiyo hiyo ilikuwa imegoma kwenye 1024 kwa 768, yaani pikseli 786,432 badala ya 1,440,000, na kila kilichokuwemo kilivutwa kwa upana hadi mzunguko wa barabara niliouchora kwenye ramani ukafanana na bibo lililolazwa ubavu.

Mashine ni ile ile ya mezani niliyoinunua ikiwa imetumika: Core i3 ya kizazi cha pili, michoro ya Intel HD 2000 iliyomo ndani ya prosesa, na mfumo endeshi wa Debian 12, wa familia ya Linux. Kazi niliyoikusudia ni kuchora vichochoro vya mji mkongwe wa hapa Mikindani kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na nyumba za mawe ya matumbawe chini ya Boma zimebanana kiasi kwamba, kwenye picha ya satelaiti iliyovutwa, huwezi kujua ukuta wa mmoja unaishia wapi na wa jirani yake unaanzia wapi.

Neno nitakalolitumia kwa idadi hiyo ya pikseli za upana na urefu ni rezolusheni. Wapo wanaolitafsiri kuwa azimio, na kila ninapoliona hujiuliza skrini iliketi kikao gani na katibu wake alikuwa nani, kwa kuwa azimio tulilokua tukilisikia nchini ni lile la Arusha la mwaka 1967.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe. Siku ya kusakinisha niliongeza neno nomodeset kwenye GRUB, programu inayouanzisha mfumo kompyuta inapowashwa, kwa mazoea tu niliyoyapata nilipokuwa nikihangaika na mashine ya mtu mwingine yenye kadi ya NVIDIA, kisha nikalisahau. Neno hilo huizuia keneli, yaani kiini cha mfumo, kuipanga skrini yenyewe, na kwa hiyo draiva ya i915, programu inayoiendesha michoro ya Intel, haikuwa ikifanya kazi hata kidogo: glxinfo ilinionyesha kwamba anayechora ni llvmpipe, maana yake prosesa ndiyo iliyobebeshwa mzigo wote wa michoro, na hapo nikaelewa kwa nini feni ilikuwa ikivuma kama mashine ya kukoboa kila niliposogeza ramani. Nililifuta, nikaendesha update-grub, nikawasha upya. Amri ya lspci -k ikathibitisha kwamba i915 sasa inatumika, feni ikatulia, na ramani ikaanza kuteleza vizuri. Rezolusheni haikusogea.

Hapo ndipo nilipopoteza siku sita. Fundi mmoja wa Mtwara mjini, ambaye ninamheshimu sana kwa upande wa kulehemu, aliniambia, “Kaka, hiyo ni draiva tu, hakuna kingine,” nami, ambaye nilipaswa kujua zaidi, nikamfuata. Kwa michoro ya Intel hakuna cha kupakua. Draiva imo ndani ya keneli, na uwezo wake wa kuipanga skrini kutoka humo uliingia katika toleo la 2.6.29 mwaka 2009, kabla mashine yangu haijatoka kiwandani. Hata hivyo nilisakinisha kifurushi cha xserver-xorg-video-intel, nikaandika faili la xorg.conf, la mipangilio ya skrini, kwa mkono kama tulivyokuwa tukifanya zamani, nikapata skrini nyeusi, nikalifuta faili lile nikiwa gizani kwa maana zote mbili kwa sababu umeme nao ulikatika mara tu nilipomaliza, na bando la wiki likaishia kwenye vifurushi ambavyo leo nimeviondoa vyote. Draiva ya modesetting inayokuja na Xorg yenyewe, programu ya kuonyesha madirisha kwenye skrini, inatosha, na kwa michoro ya umri huu naiona bora kuliko ile ya zamani ya Intel.

Katikati ya hayo nilihama pia kutoka mazingira ya eneo-kazi ya GNOME kwenda ya Xfce, yanayotumia Xorg, au X kwa kifupi, na hilo sijutii. GNOME ya Debian 12 hutumia Wayland badala ya X, na humo amri ya xrandr, ya kupanga skrini, huzungumza na XWayland tu, X ya kuigiza iliyo ndani ya Wayland, kwa hiyo ukiiagiza itengeneze rezolusheni mpya ni sawa na kumweleza mlinzi wa geti jinsi ya kupanga viti vya sebuleni. Najua kwamba X ni mzee na kwamba wanaomtunza wamechoka naye, lakini mzee huyu hukubali kubishana nawe.

Basi nikabishana naye. Niliandika cvt 1600 900 60, amri ya kukadiria mapigo ya picha, nikapata mstari unaoanza na 118.25 na kuishia na vsync, nikaupeleka kwa xrandr --newmode, kisha --addmode VGA-1 (jina la tundu la skrini), kisha --output VGA-1 --mode, na skrini ikapepesa, ikanyamaza kidogo, ikafunguka kwa upana wake wote. Nilipiga kelele hadi mama mkwe akauliza kutoka uani kama kuna nyoka. Furaha ile haikudumu, kwani picha ilikuwa imesogea kushoto na kumezwa kwa upana wa kidole, na nilipowasha upya kila kitu kikarudi kilivyokuwa. Niliziweka amri zile kwenye skripti ya kuanzia, zikafanya kazi, lakini ukurasa wa kuingilia ulibaki mnene na skrini ikawa inaruka kila asubuhi kutoka umbo moja kwenda jingine. Huko kulikuwa ni kujaza upepo kila siku kwenye tairi lenye msumari.

Swali ambalo ningepaswa kuliuliza siku ya kwanza ni hili: kwa nini 1024 kwa 768 hasa, na si namba nyingine yoyote? Jibu limo ndani ya keneli. Ikiona kwamba kuna skrini iliyounganishwa lakini haijajieleza, keneli huipa rezolusheni za kawaida zisizozidi 1024 kwa 768 na kuishia hapo, kwa kuwa haijui skrini hiyo inaweza kuhimili nini. Kujieleza huko hufanywa kwa EDID, taarifa fupi ya baiti 128 ambayo skrini huihifadhi ndani yake na kuitoa inapoulizwa: imetengenezwa na nani, ina upana gani, inakubali rezolusheni zipi. Ni sawasawa na barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa. Mgeni asiye nayo hafukuzwi, lakini hawezi kupewa chumba kikubwa.

Nikaandika amri ya kuhesabu baiti za taarifa hiyo, wc -c < /sys/class/drm/card0-VGA-1/edid, na jibu likaja: 0.

Sifuri hiyo ilinikasirisha na kunifurahisha kwa wakati mmoja, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha kupima ambacho hakikuwa draiva. Plagi ya VGA ina pini 15. Pini 1, 2 na 3 hubeba rangi nyekundu, kijani na bluu, 13 na 14 hubeba mapigo ya kuipanga picha, na pini mbili tu, 12 na 15, ndizo zinazobeba mazungumzo ya EDID. Kwa hiyo waya unaweza kukuletea picha safi isiyo na doa huku kitambulisho kikiwa kimepotea njiani, na macho yako hayatakuambia lolote.

Nilichomoa waya nikaona tundu tupu mahali pa pini 9, nikashangilia kwa muda wa saa mbili nzima nikidhani nimemkamata mwizi. Sivyo. Pini 9 hubeba volti 5 za kuiwezesha EDID kusomwa hata skrini ikiwa imezimwa, na nyaya nyingi nzima kabisa hutengenezwa bila pini hiyo, wala skrini iliyowashwa haiihitaji. Nikachukua maltimita, nikapima pini moja baada ya nyingine kutoka ncha hii hadi ncha ile: 13 ikalia, 14 ikalia, 15 ikalia, 12 ikanyamaza. Kwenye mzizi wa pini hiyo kulikuwa na kutu ya kijani, ile ambayo kila mwenye kifaa cha umeme karibu na ghuba hii anaifahamu, kwa sababu upepo wa chumvi hauchagui kati ya bati la paa na pini ya VGA. Nilisugua kwa spiriti na mswaki mkuukuu bila mafanikio. Uzi umekatika ndani ya kichwa cha plastiki iliyomiminwa, mahali ambapo chuma cha kulehemu hakifiki bila kuharibu kilichobaki.

Rafiki yangu wa Shangani aliniazima waya wake wa projekta kwa sharti kwamba ningeurudisha kabla ya Jumatatu. Nilipouchomeka, rezolusheni ikawa sahihi papo hapo, bila amri, na wc ikasema 128. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo na kununua waya mpya. Nilijaribu kwa haki kabisa: nilikwenda karibu na soko kuu la Mtwara na maltimita mfukoni, nikapima mmoja uliokuwapo dukani, na pini 12 yake haikuwa na uzi wowote, jambo ambalo muuzaji hakufurahi kulisikia mbele ya wateja wengine. Nikiwa kwenye daladala ya kurudi likanijia wazo jingine: ikiwa waya hauwezi kuibeba barua, basi nakala ya barua ikae ofisini kabla mgeni hajafika.

Waya wa kuazima ukiwa bado umechomekwa, nilinakili kile kitambulisho kuwa faili la skrini.bin, nikalihifadhi kwenye /lib/firmware/edid, nikaongeza kwenye GRUB maneno drm.edid_firmware=VGA-1:edid/skrini.bin, kisha nikarudisha waya wangu mbovu na kuwasha. 1024 kwa 768. Kwenye dmesg, kumbukumbu ya keneli, kulikuwa na malalamiko ya faili kuombwa na kushindikana, err=-2, na hasi mbili kwa lugha ya keneli ni kwamba faili halipo. Lilikuwapo, nililiona kwa macho yangu. Ilinichukua usiku mzima kutambua kwamba i915 kwenye mashine yangu hupakiwa mapema sana, wakati keneli ingali ndani ya initramfs, mfumo mdogo wa muda wa kuwashia, na diski yenyewe haijafunguliwa, kwa hiyo faili lilikuwapo nyumbani lakini halikuwapo mlangoni.

Dawa yake ni skripti fupi kwenye /etc/initramfs-tools/hooks inayolinakili faili hilo ndani ya initramfs, kisha update-initramfs -u. Niliiandika, nikaendesha, nikawasha, nikapata err=-2 tena, na hapo nikatoka nje nikakaa barazani hadi hasira zikapoa. Nilikuwa sijaipa skripti ruhusa ya kutekelezwa, na skripti isiyo na ruhusa hiyo hurukwa kimyakimya, bila hata neno moja la onyo. Ukimya huo ndio ninaoulalamikia kuliko kosa lenyewe. Amri ya chmod +x, mzunguko mwingine, na ndipo asubuhi ya leo ilipopatikana, pamoja na picha iliyokaa katikati yake bila kumezwa, kwa kuwa sasa mapigo yanafuata vipimo vya skrini yenyewe na si makadirio ya cvt.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kufunga diski ya SSD na kuongeza skrini ya pili kupitia tundu la DisplayPort. Sijafanya lolote kati ya hayo, kwa sababu nimegundua kwamba EDID ina tarehe ya kuzaliwa. Ukihesabu kuanzia sifuri, baiti ya 16 ni wiki ya kutengenezwa na baiti ya 17 ni mwaka baada ya kutoa 1990. Yangu inasoma 16 na 13 kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), yaani wiki ya 22 ya mwaka 2009. Jana jioni nilikuwa steshenari ya jirani na laptopu yenye tundu la VGA, nikizisoma skrini zake nne kwa edid-decode, programu ambayo ningependa kila fundi awe nayo kabla hajataja neno draiva. Mbili hazina wiki, zimeandika sifuri. Moja ya LG inajitambulisha kwa herufi GSM, mabaki ya enzi za GoldStar.

Ya nne ilikataa, na keneli ikaipa 1024 kwa 768 mbele ya macho yangu. Safari hii waya ni mzima. Nimeisoma moja kwa moja kwa amri ya i2cdump kwenye anwani 0x50, mahali EDID inapokaa, na baiti zote 128 zinakuja, lakini jumla yake, ambayo inapaswa kugawanyika kwa 256 bila baki, inaacha baki ya 64, na nimerudia mara tatu nikapata 64 ile ile. Baki isiyobadilika hainielekezi kwenye waya. Na 64 ni thamani ya biti moja, kwa hiyo nadhani kuna biti moja katika kumbukumbu ya skrini hiyo iliyogeuka kutoka sifuri kuwa moja. Kilichobaki ni kujua iko kwenye baiti ipi. Mwenye duka amenikubalia nirudi Jumamosi baada ya saa kumi, wateja wa fotokopi wakishapungua.