German Shepherd au Rhodesian Ridgeback: pima uzio kabla ya kumpenda mbwa

Familia ya Nairobi, Arusha au Dar es Salaam inayotaka mbwa mkubwa wa kulinda nyumba na kukaa na watoto mara nyingi hujikuta ikichagua kati ya hawa wawili. Kwa umbo wanakaribiana. Dume la German Shepherd huwa na kilo 30 hadi 40 na kimo cha sentimita 60 hadi 65 begani. Dume la Ridgeback huwa na kilo 36 hivi, na wengi huzidi hapo, kwa kimo cha sentimita 63 hadi 69. Wanakula karibu sawa, na wote wanahitaji saa moja na nusu hadi mbili za kutembea na kukimbia kila siku. Ndiyo maana watu huishia kuchagua kwa sura. Mimi naiweka sura mwisho kabisa. Kwanza angalia uzio, kisha nani anashinda nyumbani, kisha joto la mahali unapoishi.

German Shepherd alitengenezwa Ujerumani kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo, na Max von Stephanitz ndiye aliyeanzisha chama chao mwaka 1899. Kazi yao ilikuwa kutembea kando ya kundi kutwa nzima, jicho kwa kondoo na sikio kwa mchungaji. Ridgeback ametoka kusini mwa Afrika. Wakhoikhoi walikuwa na mbwa wenye mstari wa nywele zilizolala kinyume mgongoni, walowezi wakawachanganya na mbwa wa Ulaya, na wawindaji kama Cornelius van Rooyen wa Matabeleland, Zimbabwe ya leo, wakawatumia kumzonga simba hadi mwenye bunduki afike. Vigezo vyao viliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Mbwa anayemkabili simba hana nafasi ya kusubiri amri, huamua mwenyewe. Kwa hiyo German Shepherd anakuuliza afanye nini, na Ridgeback anapima kwanza kama unachomwambia kina maana. Karibu kila tofauti utakayoiona nyumbani inatokana na hapo.

Tuanze na uzio, maana ndipo Ridgeback wengi hupotelea. Ukuta wa mita moja na nusu haumzuii aliyekomaa na kuona paka upande wa pili. Weka mita 1.8 kwenda juu, na usiache tangi, rundo la matofali au kuni karibu na ukuta, kwa sababu hapo ndipo anapokanyagia. Michongoma peke yake haitoshi: juu imefunga vizuri, chini ina mianya, na mbwa huyu huipanua kidogo kidogo mpaka apite. Shona wavu wa waya kwa ndani, wenye matundu madogo, na uuzike chini sentimita 30. Geti nalo lisiwe na nafasi chini inayopitisha kichwa. Kama jirani anafuga kuku wa kuachilia au mbuzi, fikiria mara mbili. Ridgeback aliyelelewa na paka wa nyumbani anaweza kuishi naye kwa amani, lakini paka wa jirani kwake bado ni windo, na kumwita akishaanza kukimbiza ni kazi bure. German Shepherd kwa kawaida hubaki karibu na boma. Tatizo lake ni kukimbia kandokando ya uzio akibwekea kila bodaboda inayopita, na tabia hiyo ikishaota mizizi inachukua miezi kuing'oa.

Kwa ulinzi, wengi hudhani anayebweka zaidi ndiye bora. German Shepherd hubweka mapema, na sura yake inajulikana hata na mwizi, kwa hiyo huzuia mtu kabla hajajaribu. Ridgeback hunyamaza, akibweka usiku, amka uangalie. Kwenye nyumba zilizobanana, ukimya huo unawapunguzia majirani kero. Ila ana udhaifu mmoja mkubwa: mlafi. Nyama yenye sumu ikirushwa juu ya ukuta ataimeza haraka. Mfundishe tangu mdogo asiokote chakula chini, na kila siku apewe chakula kwenye bakuli lake, mahali pamoja, kwa amri.

Jambo la pili, nani anashinda nyumbani, ndilo linaloniuma zaidi. Huku kwetu mazoea ni kumfungia mbwa bandani mchana na kumwachilia usiku. Mbwa wa namna hii hajui watoto, hajui dada wa kazi, hajui fundi wala mleta gesi. Siku geti la banda likisahauliwa wazi, anauma mtu wa kwanza anayekimbia, na mara nyingi huyo ni mtoto. German Shepherd aliyefungiwa huanza kuzunguka duara, kujilamba miguu hadi vidonda, kubweka bila kikomo. Ridgeback hutafuna mbao za banda na kuchimba. Kama nyumba yenu ni tupu kuanzia asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na hakuna mtu mzima aliye tayari kushughulika na mbwa, msichukue yeyote kati ya hawa. Mbwa wa kienyeji aliyelelewa vizuri atawafaa zaidi.

Kipindi cha kumzoesha watu ni kifupi: kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 hivi. Katika wiki hizo akutane kwa upole na wazee, watoto, watu wenye kofia, mvaa buibui, mlinzi mwenye rungu, pikipiki, baiskeli. Chanjo zake zitakuwa hazijakamilika, kwa hiyo mbebe mikononi na usimshushe mahali wanapopita mbwa wengine. Virusi vya parvo, vinavyowaharisha watoto wa mbwa hadi kufa, hukaa udongoni muda mrefu.

Kwa mafunzo, dakika kumi mara mbili au tatu kwa siku zinashinda saa nzima ya Jumapili. German Shepherd huliona zoezi mara chache tu akalishika. Ubaya wake ni kwamba hushika na makosa yako kwa kasi ileile. Ridgeback huchoka na marudio. Ukimrudisha mara ya tano anageuza uso na kulala. Badili zoezi, lipa kwa kipande cha nyama, maliza angali anataka. Fimbo haimfundishi kitu. German Shepherd mwoga akipigwa huwa mng'ataji, na Ridgeback akipigwa hukunja uso na kuacha kuja anapoitwa. Wote wawili ni watundu hadi karibu miaka miwili, na mpaka miezi 18 hivi mifupa yao haijafunga, kwa hiyo usiwarukishe vizuizi wala kuwakimbiza nyuma ya baiskeli.

Joto linakata shauri kwa wengi. Ridgeback ana manyoya mafupi ya tabaka moja, hayanuki sana, yanapigwa brashi mara moja kwa wiki. German Shepherd ana matabaka mawili, hupukutisha mwaka mzima, na anahitaji brashi mara tatu kwa wiki. Usimnyoe kwa sababu ya joto, kwani manyoya hayo pia humkinga na jua. Pwani mtembeze kabla ya saa moja asubuhi na baada ya saa kumi na moja unusu jioni. Akihema kwa kelele, ulimi ukawa mwekundu mno na miguu ikalegea, mmwagie maji tumboni na kwenye mapaja, mpepee, kisha daktari mara moja.

Kupe ni hatari kwa wote, lakini homa ya kupe inayoletwa na bakteria aitwaye Ehrlichia huwashika German Shepherd vibaya kuliko mbwa wengi: fizi kupauka, madoa ya damu chini ya ngozi, pua kutoka damu. Ikigunduliwa mapema hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida siku 28. Msiwape dawa ya ng'ombe, kama ivermectin ya minyoo na wadudu, kwa kukadiria. Baadhi ya German Shepherd hubeba jeni inayoruhusu ivermectin kuingia kwenye ubongo, na kipimo kidogo tu kilichozidi kinaweza kuwaua.

Chakula: mbwa mzima wa kilo 35 mwenye mazoezi ya kawaida anahitaji takribani kalori 1,600 kwa siku. Kwa chakula kikavu chenye kalori 3.5 kwa gramu, hiyo ni gramu 460 hivi, au karibu kilo 14 kwa mwezi. Pigia hesabu hiyo kwanza, kabla ya bei ya kumnunua. Ugali na supu ya mifupa pekee humkunja miguu mbwa anayekua. Protini ni kidogo na chokaa haitoshi. Kinyume chake, ukimpa chakula kamili cha watoto wa mbwa wa aina kubwa usiongeze vidonge vya chokaa, vinaharibu viungo. Gawa mara mbili kwa siku, na asikimbie kwa saa mbili baada ya kula. Wote wawili wana vifua virefu, na tumbo lao linaweza kujaa hewa na kujipinda. Ukimwona anajaribu kutapika bila kutoa kitu huku tumbo likivimba, usingoje kukuche.

Kwa hiyo nyumba ya Mombasa au Dodoma yenye ukuta mzima, bila kuku jirani, na watu wanaopenda mbwa mtulivu ndani: Ridgeback. Nyumba ya Limuru, Iringa au Eldoret, yenye mtu mmoja atakayemfanyisha kazi kila siku: German Shepherd, tena wa ukoo wa familia. Wale wa ukoo wa kazi, wanaouzwa kwa sifa za polisi, wana nguvu na ari kupita kiasi kwa nyumba yenye watoto wa chekechea.

Ukifika kwa mfugaji, mwone mama. Mama asiyesogeleka anazaa watoto wasiosogeleka. Kwa German Shepherd omba picha za eksirei za nyonga na viwiko vya wazazi wote. Kwa daraja za nyonga za FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, A au B ndizo za kuchukua. Mtazame mama akitembea kwa nyuma: akiyumba kiuno au kuruka kama sungura, ondoka. Masikio yaliyolala kwa mtoto wa wiki nane si dosari, husimama baadaye.

Kwa Ridgeback tumia vidole. Kuna kasoro ya kuzaliwa inayoambatana na ule mstari: mrija mwembamba unaoanzia kwenye ngozi na kuzama kuelekea uti wa mgongo, ambao huingiza uchafu na kuoza. Mweke mtoto pajani, inua ngozi ya kisogo kwa kidole gumba na cha shahada, iviringishe taratibu, shuka sentimita kwa sentimita hadi mwanzo wa mkia. Ngozi nzima huteleza laini. Ukihisi kitu kama uzi mgumu unaoishikilia isiinuke, hasa shingoni, huo ndio mrija. Unahitaji upasuaji, na mbwa huyo asizalishwe. Na ukiona kwenye kundi mtoto asiye na mstari, muulize mfugaji bei yake. Kwa maonyesho hafai, lakini kwa nyumba hana upungufu wowote.