Mwaka Niliokosa Ulanzi

Baba mdogo alianza kukohoa tukiwa tunaandaa mashamba, na tulilala chumba kimoja pale Kihesa, Iringa. Makohozi yalipopimwa, ikawa TB. Akaanzishiwa dawa, na sisi wa nyumbani tukaitwa.

Niliulizwa kama nakohoa, napata homa, natoka jasho usiku au nimekonda. Yote nikajibu hapana, kwa majivuno kidogo. Nesi hakunijali. Akanichoma kisindano cha kipimo cha TB juujuu ya ngozi ya mkono, akaniambia nirudi baada ya siku mbili, zisizidi tatu, na nisijikune.

Niliporudi, mkono ulikuwa mwekundu vibaya. Kumbe wekundu hauhesabiwi. Alipapasa taratibu kwa ncha ya kidole mpaka akaupata ukingo wa uvimbe mgumu, akatia alama ya peni huku na huku, kisha akalaza rula. Milimita 16. Nikamwonyesha kovu la BCG, chanjo ya TB, begani, maana nilishasikia chanjo hiyo huweza kukidanganya kipimo. Akasema kwa aliyelala na mgonjwa, hata milimita 5 zinatosha kusema ameambukizwa. Picha ya kifua ikatoka safi.

"Wadudu unao, ila wamelala. Huumwi, wala humwambukizi mtu. Tunawaua kabla hawajaamka."

Isoniazidi kila siku kwa miezi 6, na vitamini B6 ili miguu isife ganzi. Halafu akaongeza, kama jambo dogo: pombe marufuku, dawa hii inaweza kuumiza ini. Ilikuwa Desemba. Mianzi ndiyo kwanza inaanza kutoa ulanzi, pombe yetu ya utomvu wake!

Bibi nilimweleza habari ya wadudu waliolala. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Sasa wamelala, wewe unawaamshia nini?" Mpaka leo sijapata jibu zuri la swali hilo.

Sikukuu tulikaa mimi na baba mdogo pembeni, wawili na soda zetu, kopo la ulanzi likitupita. Mwezi wa pili nikashindwa. Nikanywa mtogwa, ulanzi mchanga, ule mtamu wa asubuhi, nikijidanganya kwamba ni juisi. Kliniki nikakiri mwenyewe. Nesi alinivuta dirishani, akashusha kope zangu za chini kwa kidole gumba, akatafuta umanjano wa ini lililoumia. Hakuuona. "Mtogwa ukilala unakuwa nini?" akauliza. Nikanyamaza.

Kidonge cha mwisho nilimeza mwezi wa sita, asubuhi ya baridi kali. Nikaenda moja kwa moja kilabuni. Ulanzi ulikuwa umekwisha.