Sikio la kushoto la mwanangu

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Tanga mwaka 2010. Hadi anatimiza miaka mitatu, sikio lake la kushoto lilikuwa limetoa usaha mara nisizoweza kuzihesabu. Akishikwa na mafua tu, usiku wa pili au wa tatu analia na kujivuta sikio, homa inapanda, na kukipambazuka mto umelowa. Usaha ukishatoka maumivu hutulia na mtoto hulala, kwa hiyo mimi nilihesabu kuwa amepona.

Mama mkwe alinihurumia. "Mtilie mafuta ya nazi ya uvuguvugu, mwanangu, hata baba yake nilimtilia." Nikatia. Dawa ya siku tano ya amoksilini nayo niliikatisha siku ya pili, homa iliposhuka. Makosa hayo mawili yananiuma mpaka leo, maana niliyafanya kwa mapenzi kabisa.

Daktari aliyenifumbua macho alimulika sikio, akaniambia ngoma imetoboka na mafuta yanapitia kwenye tundu hadi ndani. Akanieleza kuwa kuna mrija unaotoka nyuma ya pua hadi sikio la kati. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala, hivyo mafua yakiuziba, vijidudu vya kooni hupata njia. Kisha akanifundisha kazi iliyonisaidia kuliko zote: kukausha. Unachukua kitambaa safi cha pamba, unakisokota kama utambi, unakiingiza taratibu mpaka kilowe, unatoa, unaweka kingine, hadi kitoke kikavu. Mara tatu kwa siku. Baada ya hapo ndipo matone aliyoandika, kwa wiki mbili. Vijiti vya pamba alivikataza kabisa. Nilikausha kabla ya kwenda kazini, mchana dada yangu akakausha, usiku tena mimi. Mtoto alizoea hadi akawa analeta kitambaa mwenyewe.

Mdogo wake alizaliwa 2014. Kadi yake ya kliniki ilikuwa na mstari ambao kadi ya kaka yake haikuwa nao: chanjo iitwayo PCV, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tanzania ilikuwa imeanza kuitoa mwishoni mwa 2012. Nesi alisema ni ya kuzuia nimonia, na kwamba bakteria huyohuyo, nyumokoka, ni mmoja wa wanaoharibu masikio. Moyo ulinidunda. Nikamwuliza, "Na huyu mkubwa je?" Akasema, "Mama, hii ni ya wachanga."

Niliumia, lakini baadaye nilisoma nikaelewa. Uholanzi waliwachanja watoto wa mwaka 1 hadi 7 ambao masikio yao yalikwisha kuugua, na matokeo yaliyotolewa 2003 hayakuonyesha nafuu. Finland walianza na wachanga, na mwaka 2001 wakatangaza kuwa magonjwa ya sikio yaliyoletwa na nyumokoka yalipungua kwa asilimia 34. Ukijumlisha magonjwa yote ya sikio, ya vijidudu vyovyote, upungufu ulikuwa asilimia 6 tu. Nyumokoka ana aina nyingi, chanjo inagusa baadhi yake, na wako bakteria wengine pamoja na virusi ambao haiwahusu.

Ndiyo maana mtu akiniambia chanjo haifai kwa kuwa mwanawe amechanjwa na bado sikio limeuma, simkubalii. Na anayesema inamaliza tatizo, naye simkubalii. Huyu mwanangu mdogo aliugua sikio mara mbili tu, lakini si chanjo peke yake. Alinyonya muda mrefu, hakupewa chupa akiwa amelala chali, na jiko la mkaa nililihamishia uani. Sijui kila kimoja kilichangia kiasi gani, na sikutaka kupunguza hata kimoja ili nijue. Dozi zote tatu alipata kwa tarehe zake; ya mwisho nilikwenda naye kliniki mvua ikinyesha, nimemfunika kwa khanga mbili.

Mkubwa amekauka miaka mingi sasa. Shuleni niliomba aketi mbele, upande ambao mwalimu anakuwa kuliani kwake. Ukimwita nyumbani bado hugeuza kichwa kwanza, sikio la kulia likutazame, kisha ndipo anaitika, "Abee, mama."