Kabla Haijapoa

Binti yangu anasubiri chai ichemke, anauliza: "Baba, mbona moto wa gesi ni wa bluu na wa mkaa ni mwekundu?" Nikamwambia mkaa unang'aa kwa kuwa umepata joto, lakini ile bluu inatolewa na vipande vya molekuli vilivyozaliwa sasa hivi, bado vimejaa nishati. Akaridhika. Mimi mawazo yakarudi Toronto, Kanada, nilikosomea kemia.

Katika mji huohuo mwanakemia John Polanyi alianza miaka ya 1950 kuchunguza mwanga wa molekuli zinazozaliwa, na mwaka 1986 akapewa Nobel ya kemia pamoja na wenzake Herschbach na Lee. Sisi wanafunzi tulikuwa tunarudia tu jaribio lake la kale: atomi za haidrojeni zinakutana na klorini, inazaliwa haidrojeni kloraidi. Swali ni moja: nishati inayotoka pale inakwenda wapi kwanza?

Usiku mmoja tulimimina nitrojeni kimiminika kuzunguka chombo, nyuzi 196 chini ya sifuri. Pampu zinanguruma, hewa imenyonywa karibu yote. Lazima iwe hivyo, maana molekuli changa ikigongana na wenzake inagawa mtetemo wake, na ushahidi unapotea. Kwenye bomba la pembeni haidrojeni iling'aa waridi. Ndani ya chombo, giza tupu. Mwanga tuliousaka ni wa infraredi, jicho haliupati.

Kalamu ya mashine ya kuchora nguvu ya mwanga huo ikatambaa juu ya karatasi, ikihangaika pale pale chini. Halafu ikapanda. Ikashuka, ikapanda tena, na ubavuni mwa kila kilele pakajichora kilele kidogo, kama theluthi ya kile kikubwa. Nilisogeza uso hadi nikanusa wino. Atomi za klorini asilia ni za aina mbili, yenye uzito wa 35 na yenye 37, ya kwanza ikiizidi ya pili mara tatu. Kelele za umeme zingelijuaje hilo? Hizi zilikuwa molekuli zenyewe zinasema.

Mahesabu yalituchukua muda, siyasimulii. Jibu: nishati huingia kwanza kwenye mtetemo wa molekuli, ambao hupanda kwa ngazi, na ngazi ya pili ilikuwa na molekuli nyingi kuliko ya kwanza, kinyume kabisa na kitu chochote kilichokwisha kutulia. Ndiyo siri ya leza ya kikemikali, inayopata nishati yake kwenye mmenyuko wenyewe, ambayo wanakemia Kasper na Pimentel waliiwasha California mwaka 1965.

Siku hizi nafundisha kidato cha tano. Naandika mlinganyo, mwisho naweka alama ya joto, kana kwamba joto huzaliwa likiwa joto. Sijui kama huko ni kurahisisha au ni kudanganya. Juzi nikaacha mlinganyo, nikaanza kuchora ngazi za mtetemo ubaoni. Kijana wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, hii inatoka kwenye mtihani?"

"Haitoki," nikamwambia, nikaongeza ngazi ya tatu.