Kabla Zege Halijamwagwa

Bwana asifiwe, wapendwa.

Jirani anajenga, na msingi wake umeingia kwako. Fundi amepigilia vigingi na kuvuta kamba, nayo imevuka jiwe la mpaka ikaingia upande wako; jiwe lenyewe limefukiwa na lundo la mchanga. Unachungulia dirishani, unajisemea: nitanyamaza, mimi nimeokoka.

Torati haikulichukulia jambo hili kuwa dogo. "Na alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake. Na watu wote waseme, Amina" (Kumbukumbu la Torati 27:17). Mstari unaofuata unamlaani anayempoteza kipofu njia. Kwa hiyo ukiulizia mpaka wako, usione haya kana kwamba umependa mali kuliko watu.

Hapo ndipo tunapotajiwa Isaka ili tunyamaze, aliyeviacha visima viwili vilivyogombaniwa akachimba cha tatu (Mwanzo 26). Sawa, lakini Isaka aliishi hemani, na bonde lilikuwa wazi mbele yake. Naboti naye alikataa kumpa mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu, urithi wa baba zake, na Biblia haimlaumu popote. Binafsi sipendi kabisa Isaka anapotumiwa kumfunga mjane mdomo.

Yesu anasema, "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu" (Mathayo 18:15). Basi nenda leo. Kigingi hung'olewa kwa dakika moja, ila ukuta ukishasimama, kuubomoa ni hasara, na aliyebomolewa hasahau. Usimfokee fundi, yeye anafuata alikoonyeshwa. Mashahidi nao wasubiri, maana wanakuja kwenye mstari wa 16. Chukua hati na ramani yako, ubishe hodi, useme: "Jirani, kabla hamjamwaga zege, tumwite mpimaji atuonyeshe jiwe lilipo." Na uwe tayari kusikia kwamba aliyekosea mpaka ni wewe. Mkipatana, andikeni na mtie sahihi, hata kama mnaimba kwaya moja. Warithi wenu hawatakuwa na kumbukumbu ya mazungumzo yenu.

Asiposikia je? Kama ni mwamini mwenzako, Paulo anataka kwanza atafutwe mwenye hekima miongoni mwenu awaamue (1 Wakorintho 6:5). Ikishindikana, kwenda kwa wenye mamlaka si kupungukiwa imani. Paulo huyo huyo alikata rufani kwa Kaisari. Ila salamu za asubuhi zisikatike wakati shauri linaendelea, na watoto wenu wasikatazwe kucheza pamoja.

Kabla ya kubisha hodi, soma Mwanzo 26:17-22 na 1 Wafalme 21:1-3, uombe juu ya zote mbili.