Tulipu Mbili za Mwaka 1614

Nilishuka Amsterdam Centraal kwenye mvua nyepesi, nikapanda tramu namba 2 mpaka Rijksmuseum, jumba la makumbusho la taifa la Uholanzi. Umati unamkimbilia mchoraji Rembrandt. Mimi nilikuwa na miadi kwenye chumba cha kutazamia picha za chapa, ambako kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu.

Nilianza na wachoraji Jan Luyken na mwanawe Caspar. Mwaka 1694 walitoa picha 100 za kazi za watu, zilizochongwa kwenye shaba: mwokaji, mhunzi, mfumaji. Kila picha ina shairi linaloitoa kazi ile karakana na kuipeleka rohoni. Mafundi nguo wameketi juu ya meza, miguu wameikunja, karibu na dirisha wapate mwanga. Luyken alikuwa mcha Mungu kwelikweli, lakini kwa macho yangu mkono wake uliipenda karakana kuliko mawaidha. Lifunike shairi kwa kiganja, picha haipungukiwi na kitu.

Roemer Visscher ni mwingine kabisa. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa nafaka humo humo Amsterdam, na kitabu chake cha picha na misemo cha 1614, *Sinnepoppen*, hakimwonei mtu haya. Picha moja ni makombe ya baharini, yale ambayo wenye nazo waliyanunua kwa bei ya kushangaza. Nyingine ni tulipu mbili, basi. Na maneno yake yanasema mpumbavu na pesa zake hawakawii kuachana. Hapa ukiyafunika maneno umebaki na maua. Ukiyasoma, unaanza kuwatafuta wanunuzi, ambao hata hawakuchorwa.

Alisema hayo miaka 23 kabla ya Februari 1637, bei ya tulipu, iliyokuwa imepanda kupita kiasi, ilipoporomoka. Mnada wa kwanza kukosa wanunuzi ulikuwa Haarlem, robo saa tu kwa treni, kwa hiyo nikaenda.

Haarlem ina jambo jingine linalotuhusu: viwanda vyake, kama vile vya Helmond, mji mwingine wa Uholanzi, viliwahi kuchapa kanga za soko la pwani yetu. Picha na maneno, kama kwa Visscher, ila jina la kanga huwa na mlengwa wake, tena anajijua na jirani zake wanamjua. Visscher aliurushia mji mzima, kila mtu akadhani anasemwa mwenzake.

Stesheni walikuwa wakiuza tulipu za mbao zilizopakwa rangi. Bei yake siitaji. Nilichukua nne.