Picha za Amu kwenye diski moja: kumbukumbu ya mradi wangu

Rajabu

Kazi niliyojipa ni kukusanya picha zote za ukoo wetu, pamoja na zangu za ngoma na harusi za hapa Amu, yaani Lamu, zikae kwenye maktaba moja ndani ya kompyuta na kila faili liwe na jina linaloeleweka. Kwa sasa zimetapakaa: diski mbili za nje, kadi za memori zilizotiwa kwenye kopo la biskuti, flashi zisizo na vifuniko, simu za zamani zilizolala kabatini, na folda za harusi nilizopewa na wapiga picha wenzangu. Ukizimwaga pamoja zinapita elfu thelathini, na nyingi ni nakala za nakala.

Kabla ya kugusa chochote nimenakili kila kitu kama kilivyo kwenye diski mpya, nikaiweka kando. Hiyo haiguswi. Hewa ya chumvi hula vyuma, kwa hiyo diski iko ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Nakala ya pili inakwenda Mombasa kwa shangazi. Nyumba ikipatwa na moto au mwizi, diski mbili zilizolala kabati moja ni sawa na diski moja tu.

Sasa majina. Kamera haijui Maulidi wala arusi ya nani, yenyewe huhesabu basi. Nikon yangu inaandika DSC_0001 mpaka DSC_9999, kisha inaanza upya. Canon ya binamu inaandika IMG_ na tarakimu nne vilevile. Ndiyo maana nina DSC_0412 zaidi ya moja: moja ni punda wanaobebeshwa mchanga gatini, nyingine ni jahazi likiundwa Matondoni, nyingine ni dole gumba la mtu limeziba lenzi. Ukizitia folda moja, kompyuta inakuuliza kama iweke mpya juu ya ya zamani, na mtu mwenye usingizi hujibu ndiyo.

Kuna jamaa yetu aliyewahi kuzipanga kwa folda zenye majina ya miezi. Nia ilikuwa njema, lakini kompyuta hufuata alfabeti. Basi mwaka wetu unaanza Agosti, unafuata Aprili, halafu Desemba, na Januari inakuja baada ya Februari.

Muundo nilioufuata ni huu: 2014-08-02_161530_nikon. Mwaka, mwezi, siku, kisha saa, dakika na sekunde, mwisho kamera iliyopiga. Kompyuta husoma jina kutoka kushoto, kwa hiyo mwaka ukitangulia picha zinajipanga zenyewe kwa mfuatano wa matukio. Ukianza na siku, tarehe mbili za miezi yote na miaka yote zitarundikana pamoja. Nukta mbili kati ya saa na dakika sikuziweka kwa sababu Windows haizikubali kwenye jina la faili.

Humo hamna jina la mtu, wala mahali, wala "harusi_ya". Wengi hupenda kuyaandika hayo kwenye jina na ninaelewa kwa nini. Lakini chukua picha moja ya zefe (maandamano) mbele ya msikiti wa Riyadha: ina watu ishirini, ina matari, ina msikiti wenyewe, na pembeni kabisa amesimama marehemu babu. Utaandika lipi uache lipi? Hayo yataingia kama lebo, yaani maneno yanayoambatishwa kwenye picha, maana lebo hazina kikomo na zinafutika. Jina libebe wakati na kamera, basi.

Shaabani

Mwezi huu wote nimekuwa nikigombana na saa za kamera. Sijabadilisha hata jina moja la faili, na sijuti.

Picha ya dijiti hubeba ndani yake maelezo yaitwayo EXIF: kamera gani, lenzi imefunguliwa kiasi gani, na tarehe na saa iliyopigwa. Hiyo si ile tarehe unayoiona ukifungua folda, ambayo inaweza kuwa siku faili liliponakiliwa tu. Kwa kuisoma na kuirekebisha natumia ExifTool ya Phil Harvey, programu ya bure isiyo na vitufe wala madirisha. Unaiandikia amri, nayo inatenda. Ukiirekebisha picha, inabakiza ya awali pembeni na kuiongezea "_original" kwenye jina, kwa hiyo kujaribu hakuna hatari.

EXIF ni ya kweli kadiri saa ya kamera ilivyo ya kweli. Kwetu kila kamera ina uongo wake.

Ile aliyoileta mjomba kutoka Muskati ilikuwa rahisi. Oman iko mbele yetu kwa saa moja, naye hakuigusa saa alipofika. Amri moja, "-AllDates-=1:00", folda nzima ikarudi kwenye saa za Kenya.

Ya pili ilinikalisha. Ni picha za ukingo wa mji, za pwani pale gatini, na EXIF inasema 02:10. Lakini jua limezipiga nyumba za mbele mpaka chokaa inang'aa. Aliyezaliwa hapa anajua mji wetu unatazama Manda, yaani mashariki. Jua likizipiga nyumba za pwani usoni, hiyo ni asubuhi, na alasiri kivuli chao hulala juu ya njia mpaka kwenye maji. Saa nane na dakika kumi za usiku haiwezekani kabisa. Basi nikaelewa: aliyeitegesha kamera alitazama saa ya ukutani ya nyumbani kwao, inayohesabu kwa Kiswahili, ikasema saa mbili, naye akaandika mbili. Kamera nzima ilikuwa nyuma kwa saa sita. Nikaongeza sita, na hata picha za alfajiri zilizokuwa zimeangukia siku ya jana zikarudi siku yake.

Ya tatu ndiyo mkorofi. Betri yake ndogo ya ndani imekufa, kwa hiyo kila betri kubwa ikitolewa kuchajiwa, saa inarudi mwaka wa kiwandani. Folda baada ya folda, zote Januari mosi. Hata hivyo, kati ya chaji moja na nyingine saa inatembea sawasawa. Kwa hiyo kwa kila kundi nahitaji picha moja tu ninayoijua wakati wake, nyingine zote zitaifuata. Mara nyingi simu ya mtu ilikuwapo palepale. Samsung huandika tarehe na saa kwenye jina lenyewe, na saa ya simu huletwa na mtandao. Nikiona mtu yuleyule ameinua kombe lilelile kwenye picha zote mbili, natoa hesabu ya tofauti na kuisogeza folda yote.

Kundi moja halikuwa na shahidi wa simu. Mna mwezi mwembamba juu ya minazi jioni, na asubuhi yake watoto wamevaa kanzu mpya. Ni Idi, hilo halina ubishi. Mwaka nimeupata kwa umri wa mtoto aliyebebwa mgongoni, ambaye cheti chake cha kuzaliwa ninacho. Siku yenyewe? Wapo walioswali kwa mwezi wa hapa na wapo waliofuata wa Makka, na msikiti hauonekani vizuri. Nimeipa tarehe moja na lebo "tarehe ya kukisia", ili atakayekuja asije akaiapia.

Ramadhani

Baada ya tarawehe nyumba inatulia, na kubadilisha majina ni kazi ya usiku.

Amri niliyoitumia kwanza haibadilishi kitu, inaonyesha tu jina litakalokuwa:

exiftool "-TestName<DateTimeOriginal" -d "%Y-%m-%d_%H%M%S_nikon%%-c.%%e" folda

Nikiridhika naandika FileName pahali pa TestName. Kile "%%-c" kinasaidia picha zilizopigwa ndani ya sekunde moja, kama za mashindano ya punda ambapo kidole hakitoki kwenye kitufe. Ya pili inapata -1, ya tatu -2, na hakuna inayomeza nyingine.

Nakala zilizojirudia nimeziondoa kwa dupeGuru. Inalinganisha yaliyomo, jina halihusu. Hapo sina la kusimulia, ilifanya kazi yake.

WhatsApp ndiyo kaburi la tarehe. Picha ikipita humo inapunguzwa ukubwa na EXIF yake inafutwa, inabaki IMG-20171123-WA0007, na tarehe hiyo ni ya kutumwa au kupokewa, si ya kupigwa. Nimekuta picha ya bibi akiwa msichana, iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye karatasi, nayo inadai ni ya 2017. Za namna hii nimeziachia tarehe yake na kuongeza "wa" mwisho wa jina, ijulikane ni siku ya kufika. Kama asili yake ipo, ya WhatsApp inafutwa.

Picha za karatasi nilizoskani zimepata muongo tu: 198x_0012. Herufi x huja baada ya 9, kwa hiyo zinakaa zenyewe baada ya 1989 na kabla ya 1990. Sikupanga hivyo makusudi ila imenifurahisha.

Mfungo Mosi

Sasa lebo. Natumia digiKam, programu ya kupanga picha, ya bure pia, na nimeiweka iandike lebo ndani ya picha yenyewe, siyo kwenye hifadhidata yake peke yake. Programu hufa. Picha ikibeba lebo zake, nyingine itazisoma.

Maulidi imenionyesha kwa nini folda za miaka ya kizungu hazitoshi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo 12 Mfungo Sita, siku ya Maulidi, iliangukia mwanzoni mwa Januari 2015, kisha ikarudi tena kabla Desemba ya mwaka huohuo haijaisha. Na kwa kuwa shughuli za Riyadha huendelea hadi mwishoni mwa mwezi, Maulidi moja inaweza kuanza mwaka huu wa folda na kumalizikia mwaka ujao. Kwenye jina la faili haya hayanishughulishi, tarehe ni tarehe. Kwenye lebo nimefungua tawi la Maulidi, chini yake miaka ya Hijria, 1436, 1437 na kuendelea. Nikibofya 1437 napata zefe, kirumbizi (ngoma ya fimbo) na mashindano ya mashua kwa pamoja, hata kama kompyuta imezigawa. Usiku nao una hesabu yake: siku yetu inaanza magharibi, kwa hiyo kisomo cha usiku wa Ijumaa EXIF inakiita Alhamisi. Lebo inafuata wazee.

Nyuso ni hadithi nyingine. digiKam inatambua sura, na hufanya hivyo ndani ya kompyuta yangu bila kupeleka picha popote, la sivyo nisingeiwasha. Inakisia vizuri vijana. Kwa wazee wa kofia na ndevu nyeupe inawafanya wote kuwa mtu mmoja. Nilimkalisha mama mkubwa mbele ya skrini, chai pembeni, anithibitishie. Yeye hatazami sura.

"Huyo siye. Huyo ni nduguye wa Shela."

"Umejuaje, mama?"

"Tazama anavyofunga kikoi."

Alikuwa sahihi, maana kwenye picha ya pili wapo wote wawili. Nimeandika majina kamili mpaka babu, kwa sababu wanaoitwa Mohamed Ali katika maktaba hii wanatosha kujaza jahazi.

Picha za usiku wa kupamba na za vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, sizifungui. Ni za wanawake kwa wanawake, walipigwa wakiwa wamevua mabuibui kwa kuaminiana, na kuziingiza kwenye maktaba ambayo kila binamu anaomba nakala ni kuvunja imani hiyo. Dada yangu amezichukua zikiwa kwenye diski yake peke yake yenye neno la siri. Nimemwonyesha amri, naye anazipa majina mwenyewe. Ameniambia muundo wangu ni mzuri ila kwake anaongeza jina la bibi arusi mwishoni, kwa kuwa anayezitafuta ni bibi arusi. Sikubishana naye.

Mfungo Pili

Zimebaki video. Nilizipa majina kwa amri ileile nikiitumia tarehe ya CreateDate, na zile za simu zikatangulia picha zake kwa saa tatu: nikaha inasomwa kabla bwana arusi hajatoka kwao. Simu huandika muda wa MP4 kwa saa za dunia, UTC, nasi tuko mbele kwa tatu. Video za Nikon haziko hivyo, zenyewe huandika saa ya mahali, kwa hiyo huwezi kuzisukuma zote kwa pamoja. Kwa folda za simu tu naandika:

exiftool -api QuickTimeUTC "-FileName<CreateDate" -d "%Y-%m-%d_%H%M%S_simu%%-c.%%e" folda

Za mwaka 2016 mpaka sasa zimekaa sawa. Za simu za zamani zaidi zina muda wa sifuri kabisa, nitazitafutia mashahidi kama nilivyofanya kwa kamera ya tatu. Shangazi ameshapata diski yake, na ameagiza nimtenganishie za Pate kwanza.